Doa na Yakuti

Lugha yetu imelitwika neno moja, kauri, vitu viwili. Kauri ni yule simbi mwenye mgongo wa kung'aa anayeokotwa mwambani maji yanapokupwa, aliyewahi kuwa sarafu katika masoko ya bara. Na kauri ni ile sahani ya Kichina iliyowekwa katika kidaka cha ukumbi, ambayo watoto huonywa wasiiguse. Waitalia nao walifanya hivyo hivyo: simbi huyo walimwita porcellana, na vyombo vya China vilipowafikia wakavipa jina la simbi, na kutoka kwao jina hilo likaenea Ulaya. Sisi wa huku na wao wa kule, jicho lilitua mahali pamoja. Lilitua usoni, kwenye ule ulaini usio na kovu, unaoteleza chini ya kidole na kurudisha mwanga.

Simbi huupata uso huo kwa kuulinda. Akiwa hai, huitoa nyama yake laini nje ya kombe na kuufunika mgongo pande zote mbili, na nyama hiyo ndiyo inayoupaka tabaka baada ya tabaka na kuuzuia usishike mwani. Kauri ya viwandani haina mnyama ndani yake. Uso wake hulindwa na watu, kwa saa za zamu, kwa mshahara. Kuanzia mwaka 2001 hadi 2009 nilikuwa mmoja wa watu hao. Haya ninayoyaandika ni juu ya uso huo, juu ya kinachouharibu, na juu ya siku kumi nilizotuhumiwa kuwa mimi ndiye niliyeuharibu.

Kiwanda chetu kilikuwa katika mji mdogo wa kaskazini ya Bavaria, Ujerumani, si mbali na mpaka wa Cheki. Watu wa pande zile wameishi kwa kauri tangu karne ya 19, na mji wa Selb ulio katika eneo hilo una makumbusho makubwa ya kauri, Porzellanikon, ndani ya majengo ya kiwanda cha zamani. Lakini sisi hatukutengeneza vikombe vya chai. Tulitengeneza kauri ya kazi, ambayo msomaji anaijua bila ya kujua kwamba anaijua. Vile vikombe vilivyo juu ya nguzo za umeme ni jamaa zake. Ile sehemu nyeupe ya plagi ya gari ni yeye mwenyewe. Ndani ya mfereji wa kisasa, ule unaofunguka kwa kugeuzwa robo tu, aghalabu mna visahani viwili vya kauri vinavyosuguana. Na wako watu wanaotembea mitaani wakiwa na tufe la kauri ndani ya nyonga. Daktari wa upasuaji Pierre Boutin, wa mji wa Pau nchini Ufaransa, ndiye aliyeanza mwaka 1970 kuweka nyonga ambayo tufe na kikombe chake vyote viwili ni kauri. Meza yangu mimi ilihusika na pete nene nyeupe za kuzuia umeme, zilizokwenda kwa watengenezaji wa mirija ya eksirei.

Malighafi yake ni unga mweupe kama sembe, uitwao alumina, yaani alumini iliyoshikana na oksijeni. Hutolewa katika boksiti, udongo ambao mara nyingi ni mwekundu, kwa njia aliyoigundua Mwaustria Karl Josef Bayer mwishoni mwa miaka ya 1880. Hapa pana jambo la kutazamwa. Weupe ule umetoka katika wekundu, wekundu wenyewe ni chuma, na kazi kubwa ya njia ya Bayer ni kukiacha chuma hicho nyuma. Soda inayotumika katika kusafisha nayo huacha kidogo chake katika unga, na kidogo hicho humkera mtu wa umeme. Basi unga haujafika kiwandani na tayari umesafishwa kwa kitu ambacho chenyewe kinahitaji kusafishwa.

Kwa nini udhia wote huu? Chuma kikielemewa hupinda kwanza. Hulalamika kabla ya kukatika. Kauri haipindi. Huvumilia kimya hadi mwisho wa uwezo wake, kisha hupasuka mara moja. Mhandisi Mwingereza A. A. Griffith alieleza mwaka 1921, kwa majaribio ya vioo, kwamba vitu vya namna hii havivunjiki kwa sababu ni dhaifu mwili mzima. Huvunjikia penye ufa mdogo, kwa kuwa nguvu inayovuta hujikusanya kwenye ncha ya ufa huo. Mwaka 1939 Msweden Waloddi Weibull akaiwekea hoja hiyo hesabu: nguvu ya kipande ni nguvu ya mahali pake palipo dhaifu kuliko pote, kama ilivyo kwa mnyororo na kiungo chake kibovu. Kwa watu wa kauri, kwa hiyo, usafi si adabu wala urembo. Usafi ni kuhesabu mahali ambapo kipande kitakuja kuvunjikia.

Fuatana nami, msomaji, kutoka kinuni hadi mezani. Unga kwanza husagwa pamoja na maji katika pipa linalozunguka, mkiwa na mipira migumu ndani yake. Mipira ya chuma ingesaga vizuri, lakini ingelika, na mliko wake ungebaki ndani ya uji. Kwa hiyo pipa hutandikwa kauri, na mipira huwa ya kauri hiyo hiyo, ili kinacholika kiwe ni kile kile kinachosagwa. Kisha uji hupitishwa penye sumaku na katika chekeche la nyaya nyembamba, hutiwa gundi kidogo, na hurushwa kama manyunyu ndani ya mnara wa hewa ya moto, ukaanguka chini ukiwa punje ndogo kuliko za ulezi. Punje hizo hushindiliwa katika kalibu. Kipande kinachotoka huitwa kibichi, na lugha hiyo hatukuhitaji kufundishwa, kwani chungu kisichochomwa kwetu nacho ni kibichi. Kibichi cha alumina ni kama chaki: ukucha unakichora.

Hapo ndipo hatari inapokuwa kubwa, kwa sababu kibichi hupokea kila kitu. Unywele, uzi wa fulana, kigamba cha ngozi, chembe ya karatasi, vyote hivyo vikishindiliwa ndani huungua tanuuni na kwenda zao, lakini nafasi yao huibakisha. Kitu kimeondoka na umbo lake limebaki, tundu tupu ndani ya jiwe, na tundu hilo ndilo ule ufa wa Griffith. Chembe ya chuma haiondoki. Hugeuka katika joto na kuuma weupe ulioizunguka. Mafuta ya silikoni, yaliyomo katika krimu nyingi za mikono, huungua na kuacha silika, ndugu wa mchanga, pale pale yalipogusa. Tumezoea kuusifu moto kwamba unatakasa. Niliyoyaona mimi ni kwamba moto huondoa baadhi ya mambo, na baadhi huyathibitisha.

Tanuu letu lilifika nyuzi 1,600 za Selsiasi. Humo kipande husinyaa kwa kiasi cha sehemu moja katika sita ya urefu wake, kikatoka kigumu hata ikawa hapana kinachokikata vyema ila almasi. Baada ya hapo hakichoreki, lakini bado kinachafuka. Ukikishika kwa kibano cha chuma, si kibano kinachokikwaruza. Ni chenyewe kinachokikwangua kibano, na chuma kilichokwanguka hubaki usoni kama mstari wa penseli. Ukikigusa kwa kidole kitupu, unakiachia mafuta na chumvi. Mafuta huondoka kwa spiriti, au kwa kurudishwa kipande katika moto mdogo. Chumvi ni kaidi zaidi. Na pete zetu zilikuwa zipakwe metali ukingoni, ili ziunganishwe na chuma na kuziba kabisa mrija usio na hewa ndani yake. Penye alama ya kidole metali haishiki sawasawa. Mrija kama huo unaweza kupita ukaguzi wote, kisha miezi baadaye, katika hospitali fulani, hewa ikapenya.

Mwalimu wangu wa kazi, bibi wa Kijerumani aliyebakisha miaka michache kustaafu, alinifundisha jaribio lisilohitaji mashine. Unadondosha tone moja la maji yaliyokenekwa juu ya kipande. Pakiwa na mafuta, hata yasiyoonekana, tone hujikunja na kusimama kama ushanga. Pakiwa safi, maji hutandaa. Alipenda kusema kwamba uso safi huyakaribisha maji na mchafu huyafukuza. Nilizoea kulifanya jaribio hilo mara nyingi kwa siku, na kila mara nilifurahi maji yalipotandaa, kama anavyofurahi mtu mgeni wake anapokubali kukaa.

Waswahili tuna maneno mengi ya jambo hili, na hayako sawa. Taka hufagiliwa. Vumbi hupanguswa. Kutu hula. Doa ni alama mahali pamoja, na waa ni doa lililoingia katika sifa ya mtu. Najisi ni jambo jingine kabisa: nguo inaweza kuwa nyeupe pe ikawa na najisi, na udongo, ambao dobi anauona uchafu, ndio tunaotayamamia pakikosekana maji. Kijerumani cha kiwandani kilitosheka na neno moja refu, Verunreinigung, ambalo moyo wake ni neno safi na sehemu zake nyingine zote zinasema kwamba usafi umekwenda. Neno hilo lilikuwa juu ya mlango wa chumba chetu, na chini yake orodha ya marufuku: poda, krimu, manukato, rangi ya kucha, wanja, dawa ya kukazia nywele.

Nilipoisoma orodha ile mara ya kwanza niliona imeniorodhesha mimi. Mwanamke wa kwetu hufundishwa kwamba usafi ni kuongeza. Ukishaoga hujamaliza, umebakisha kujipaka mafuta, kufukiza nguo kwa udi juu ya chetezo, kutia wanja, kuvaa kikuba. Mle ndani usafi ulikuwa kupunguza, na kila nilichokuwa nimefundishwa kuongeza kilikuwa na madhara yake yanayojulikana. Moshi wa udi ni utomvu uliopaa, nao hutua juu ya nguo kama mafuta membamba. Wanja ni vumbi. Mafuta ya nazi ni mafuta. Lakini niliwaona wenzangu wa Kijerumani wakinung'unika kuliko mimi, kwa kunyimwa krimu katika baridi ile inayopasua mikono hadi damu. Sheria haikumbagua mtu, na sababu zake nilizielewa. Nikaiheshimu. Nguo za kazini nikazitenga, zisikae sanduku moja na za udi.

Hina haikuwamo katika orodha. Walioiandika hawakuijua.

Mwaka 2004 nilirudi Unguja kwa harusi ya mdogo wangu. Nilitiwa hina pamoja na bibi harusi, hina ya majani, si piko, vidole vyote na viganja. Nilirejea kazini baada ya wiki mbili ikiwa bado imekoza. Nilimwonesha mwalimu wangu. Akaitazama kwa muda, akanivisha glavu jozi mbili badala ya moja, akaandika katika daftari la zamu kwamba nina rangi ya mmea kwenye ngozi na kwamba glavu zimekaguliwa. Thamani ya mstari ule niliijua baadaye.

Siku chache zilizofuata, fungu la pete lilitoka tanuuni na madoa. Si zote, moja katika kila kumi hivi. Lilikuwa doa moja moja, dogo kuliko kichwa cha pini, la hudhurungi lenye kiini cheusi, na ukingoni mwake wekundu hafifu. Msimamizi wa zamu alilitazama doa, kisha akaitazama mikono yangu, ambayo wakati ule ilikuwa juu ya meza ndani ya glavu zinazopitisha mwanga. Hakusema neno. Adhuhuri niliitwa ofisini. Karatasi ilikuwa imeshaandikwa: chanzo cha uchafu, mfanyakazi. Iliyobaki ilikuwa saini yangu.

Nilikataa, na sikukataa kwa ushujaa. Nilikataa kwa sababu moto ulikuwa upande wangu. Hina ni rangi ya jani. Jani, pamba, unywele na ngozi ni ndugu mbele ya tanuu: rangi zao zimekwisha zamani kabla joto halijafika nusu ya safari yake. Wekundu uliopita nyuzi 1,600 ukabaki wekundu hauwezi kuwa wa jani. Ni wa madini. Nilisema hivyo kwa Kijerumani changu cha wakati ule, ambacho kilinikimbia pale nilipokihitaji. Msimamizi alinijibu kwamba kabla sijasafiri hapakuwa na madoa, na sasa nimerudi na yapo. Hoja hiyo ilitosha. Nilihamishiwa kwenye kufunga makasha.

Siku kumi nilikunja makasha. Na usiku, chumbani kwangu, nilikuwa nikiisugua mikono kwa ndimu na chumvi, ilhali nilijua kwa hakika ya elimu kwamba haina kosa. Nalitaja jambo hili kwa kuwa liliniuma kuliko kule kuhamishwa. Mtu akituhumiwa kwa rangi, huanza kuisugua kabla ya kuambiwa aisugue.

Mwalimu wangu hakubishana na yeyote. Siku ya nne alinijia kwenye makasha na pete mbichi tatu juu ya sahani. Aliniambia nivue glavu nibonyeze kidole chenye hina juu ya moja. Yeye akabonyeza chake, kisicho hina, juu ya nyingine. Ya tatu haikuguswa. Akazitia alama chini, akazipeleka tanuuni pamoja na fungu la usiku. Zilipotoka, zote tatu zilikuwa nyeupe, na mtu asiyesoma alama asingeweza kuzibagua. Kisha tukabonyeza vidole tena, safari hii juu ya pete zilizokwisha kuchomwa, akadondosha maji. Juu ya alama yangu tone lilisimama kama ushanga. Juu ya alama yake lilisimama vile vile. Juu ya ile isiyoguswa maji yakatandaa.

Nimelifikiri jaribio lile miaka mingi. Lilinisafisha, lakini halikuniambia kwamba mikono yangu haina madhara. Lilisema kwamba madhara ya mikono yangu ni yale yale ya mikono yake, na kwamba hayana rangi. Jasho ni jeupe kwa kila mtu. Mkono uliopambwa ulishukiwa kwa sababu ulionekana. Mkono usio pambo uliaminiwa kwa sababu haukuonekana. Na kinachoharibu kauri kilikuwamo katika yote miwili kwa kiasi kimoja, kimekaa kimya. Ndiyo maana sote tulivishwa glavu. Sheria ya glavu ilikuwa na hekima kuliko msimamizi wake.

Bibi yule aliandika matokeo kwa mwandiko wake wa shule, akaambatisha mstari wa daftari la zamu, akaomba pete zenye madoa zipelekwe maabara. Huko ziliwekwa chini ya hadubini ya elektroni yenye uwezo wa kutambua kila elementi kwa mnururisho wake. Ndani ya doa palikutwa chuma, kromi na nikeli. Huo ni mchanganyiko wa chuma kisichoshika kutu, kile cha vijiko na sufuria. Mafundi walipolifungua chekeche la uji waliona nyaya zake zimechanika upande mmoja, na vipande vyake vilikuwa vikiingia katika uji tangu siku nilizokuwa harusini. Sumaku haikuvikamata, kwa sababu chuma cha aina hiyo, chenye nikeli ya kutosha, hakivutwi na sumaku. Kilipita mbele ya mlinzi bila ya kuulizwa.

Nilirudishwa mezani. Karatasi ilitolewa katika faili langu. Hapana aliyeniambia neno, na chekeche jipya lilifungwa. Mwezi uliofuata orodha ya mlangoni iliongezwa mstari mmoja: hina. Wenzangu walinionea huruma, lakini mimi mstari ule haukuniudhi. Angalau sasa waliijua kwa jina lake.

Lililonibaki kichwani ni kromi. Alumina ninayoisimulia, unga ule mweupe, ikijiunda yenyewe ardhini kwa umbo la fuwele huitwa korundi, na korundi safi haina rangi. Ni jiwe la kung'arishia vitu. Lakini ikiingiwa na kromi kidogo mno, huwa yakuti nyekundu. Ikiingiwa na chuma pamoja na titani, huwa yakuti ya samawati. Yakuti zinazochimbwa Longido na katika bonde la Umba, huku Tanzania, ni alumina ile ile ya pete zangu, iliyoingiliwa. Washairi wetu wamemwita mpenzi yakuti kwa karne nyingi, wakamtaja pamoja na lulu na marijani. Walikuwa wakilisifu doa. Jiwe lisilo doa wasingelitungia hata kibwagizo.

Wataalamu wamelijua hili na kulitumia. Mfaransa Auguste Verneuil alitangaza mwaka 1902 namna ya kutengeneza yakuti nyekundu kwa kuangusha unga wa alumina na kromi ndani ya ndimi za moto. Mwaka 1960 Mmarekani Theodore Maiman aliwasha leza ya kwanza duniani, na kitovu chake kilikuwa kijiti cha yakuti ya kutengenezwa. Kromi iliyomo katika yakuti za namna hiyo ni kama sehemu 5 katika 10,000, nayo ndiyo iliyotoa mwanga. Na mojawapo ya kauri mpya za nyonga, zilizoingia hospitalini katika miaka ya 2000, ina rangi ya waridi hafifu kwa sababu ya kromi iliyotiwa makusudi. Kromi ile ile iliyonihamishia kwenye makasha, mahali pengine imo ndani ya mwili wa mtu, na mtu huyo anapanda ngazi.

Tofauti iko wapi? Haiko katika kromi. Iko katika kipimo, na katika kuwapo kwa mtu aliyeitazama kabla ya moto akasema, hii ipite. Kipande cha waya kilichopenya penye chekeche bovu kimekwenda peke yake, kikubwa, mahali pamoja, hakuna aliyekiona. Kromi ya yakuti imetawanyika chembe kwa chembe mpaka imekuwa tabia ya jiwe zima. Nadhani hata katika lugha ndivyo. Neno la kigeni halichafui ubeti kwa ugeni wake. Linalochafua ni lile lililoanguka pale mtunzi akiwa hatazami, likabaki kama donge. Na lililosagwa sawasawa pamoja na mengine hatulioni tena kuwa geni, ila tunauona mng'ao.

Wafinyanzi wa kale waliyajua mambo haya bila hadubini. Wachina walivificha vyombo vyao vyeupe ndani ya makasha ya udongo mgumu kabla ya kuviingiza tanuuni, ili jivu na moshi wa kuni visiviguse. Lakini bakuli zao za kijani, zile zilizofika hata Kilwa na Gede, zilipata ukijani wake kutokana na chuma kidogo katika rangi ya juu, kilichochomwa kwa moto uliobanwa hewa. Chuma kilichofukuzwa katika cheupe kilialikwa katika kijani. Na akina mama wa kwetu wanaochoma vyungu uwanjani kwa makuti na kuni hawavifichi kabisa. Moto unakigusa chungu na kukiachia wingu jeusi ubavuni. Hapana mnunuzi anayelirudisha sokoni wingu hilo. Chungu hakidai kuwa hakijaguswa.

Nilipoacha kazi mwaka 2009 niliruhusiwa kuchukua pete moja katika zile zilizokataliwa, na sasa imo katika kidaka cha nyumba yetu, kando ya bakuli la Kichina lililopasuka ukingo. Mikono yangu ina hina kila nikitaka. Wageni huichukua pete ile, huigeuza, hushangaa jinsi ilivyo baridi na nzito kuliko ilivyoonekana, na kidole chao lazima kitalitafuta doa. Wengi huniuliza kama limewekwa kwa ajili ya urembo. Huwaambia ni kipande cha waya wa chekeche, nao hulitazama tena.